Lukasa katika ordinatere: picha inayotaka kuguswa

Lukasa ya Waluba wa Katanga ni ubao wa muti wenye kiuno chembamba, wenye shanga, simbi na machoro. Wasomaji wa chama cha Mbudye waliishika na mukono wa kushoto, na kidole cha mukono wa kuume kikatembea pole pole juu ya shanga, kinywa kikisimulia habari za wafalme. Kwa hiyo ni kitabu cha kusoma na kidole. Ushanga mukubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa mufalme na watu wake. Musitari wa shanga unaweza kuwa njia.

Leo lukasa inaingia katika afishi na majalada ya vitabu vinavyotengenezwa na ordinatere. Watengenezaji wanajua kama karatasi ni laini, basi wanatafuta mukwaruzo: wanalaza foto ya muti juu ya picha na kuifanya hafifu, wanatia punje ndogo ndogo, wanaweka kivuli chini ya kila ushanga. Jicho linaona, kidole kinatamani. Ufundi huu hatuulaumu hata kidogo.

Tunalaumu mambo mawili. La kwanza ni kivuli. Mwangaza ukitoka kushoto, vivuli vyote vinaanguka kuume. Lakini tunaona picha ambamo shanga zina kivuli upande huu, simbi upande ule. Macho yanakataa mara moja, hata kama mutu hajui sababu.

La pili ni kubwa zaidi. Mutengenezaji anachora ushanga mumoja, anaunakili mara makumi, kisha anazipanga vile inamupendeza. Kuhamisha ushanga ni kuhamisha neno. Njia inakatika, mufalme anabaki bila watu. Mutoto akiangalia ile afishi atasema: ni pambo tu. Kumbe wazee wake walikuwa wakitunza historia.

Kuna wanaotujibu kama wasomaji wa lukasa nao hawakusema maneno mamoja, kila mumoja alifuata siku na watu waliokuwa mbele yake. Ni kweli. Lakini masimulizi njo yalibadilika. Shanga zilibaki mahali pao.

Namna gani tufanye? Lukasa ya kweli ipigwe foto na mwangaza wa upande, wa chini, ili kila ushanga utupe kivuli chake wenyewe. Asiye na lukasa karibu, aangalie kitabu cha Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts cha mwaka 1996 juu ya kumbukumbu ya Waluba, ahesabu shanga kabla ya kuchora. Tena aangalie muti vizuri: pale mikono ilipopita miaka mingi, ni laini na unang'aa. Ule ulaini ni alama ya wasomaji. Mutu asitie mukwaruzo wa ordinatere pale ambapo vidole vya wazee viliuondoa.