Sambusa Haikutaka Kugeuzwa

Mpaka pale mshonaji wa video ya sambusa ya kuchezea anapovilaza vipande viwili vya felti uso kwa uso, kazi ilikuwa inakwenda. Kisha akavipitisha kwenye cherehani, akaacha tundu, akageuza. Mlioitazama video hiyo, ambayo imezunguka sana kwenye simu za washonaji wa Tanga, mmeona kilichotoka: kijimto chenye mabega. Pembe zimevimba, ukingo umenona. Mtoto ataambiwa ni sambusa, ataitikia kwa adabu tu.

Kugeuza ni dawa ya ugonjwa ambao felti haina. Khanga, bafta, merikani, vyote vimefumwa, vina mtande na mshindio. Ukikata, nyuzi huchomoka, ndiyo sababu tunauficha ukingo ndani. Felti haikufumwa. Ya asili ni manyoya ya kondoo yaliyoloweshwa maji ya moto na kusuguliwa hadi yakashikana. Ya bei rahisi ni nyuzi za plastiki zilizochomwachomwa kwa sindano zenye vijino. Ukiikata inabaki ilivyo. Unaficha nini, basi? Ulichopata ni tabaka nne kwenye kila mshono, na penye ncha mikunjo inapandana. Hata kuikata pembe kwa mkasi kabla ya kugeuza hakuikata! Akachokoa kwa kalamu, na kitu kisicho na mtande hakivumilii kuchokolewa: kinatatuka, kinabaki na upara.

Kosa lenyewe limeanza mapema zaidi, kwenye kukata. Nani aliyemwambia sambusa ni pembetatu mbili? Ingia jiko lolote la Ngamiani mwezi wa Ramadhani: manda ni ukanda mmoja. Unakunjwa, unakuwa kikoba, unatiwa nyama, unakunjwa tena, ulimi wa mwisho unabandikwa kwa uji wa ngano. Angekata ukanda wa felti vivyo hivyo, akakunja, akajaza, angebakiwa na ulimi mmoja wa kushona, na ncha zingejichonga zenyewe kwa sababu ni mkunjo, si mshono. Ulimi huo ungetosha mshono wa blanketi, kwa mkono, kwa nje, uzi uonekane.

Kwa mkono, ndiyo. Najua mhariri amechoka kunisikia. Lakini pwani hii ilikuwa na washonaji wa kofia za viua waliotoboa tundu na kulizungushia uzi, tundu baada ya tundu, kofia nzima, na hawakuhitaji injini. Mshono wao na wa blanketi ni ndugu wa tumbo moja. Siku hizi mtu akiona mkunjo wa sentimita tano, anakimbilia pedali.

Na ile sponji ya vipande aliyojazia, kwa mji wa pwani yenye misufi? Sufi ni nyepesi, inapenya hadi pembeni, na ina nta inayokataa maji. Zamani iliwekwa kwenye maboya ya kujiokolea baharini. Sponji inakaa mabonge, unayaona kwa nje. Mito ya bibi zetu ilijazwa sufi.

Katika video hiyohiyo, chungwa la Muheza alilishona vizuri, vipande na utando wake mweupe wa bandi.

Mwishoni ametuahidi mkate wa ufuta, na mezani ameshaweka kikopo cha ushanga. Kirudi dukani hicho. Marekani hupima vitu vya watoto walio chini ya miaka 3 kwa kopo lenye kipenyo cha milimita 31.7: kinachoenea humo kizima ni hatari ya kukaba koo, na ushanga unaenea kwa mamia. Ufuta ufanyeni kwa mafundo ya uzi, uzi ukizungushwa mara mbili kwenye sindano, nayo ikirudishwa kando tu ya ilipotokea. Fundo likivutwa na jino halitoki kirahisi.