Pembe Nne na Injini

Picha yenyewe huenda uliiona. Pande la barafu linaelea baharini, jeupe, bapa juu, na pembe zake zimenyooka kana kwamba fundi alipita na msumeno. Ilipigwa tarehe 16 Oktoba 2018 na Jeremy Harbeck, mwanasayansi aliyekuwa ndani ya ndege ya NASA aina ya DC-8 iliyoruka kutoka Punta Arenas, Chile, kwenda Rasi ya Antaktiki. Ndani ya siku chache ilikuwa imezunguka dunia. Wapo waliosema ni kazi ya viumbe wa sayari nyingine. Wapo waliosema imechezewa kwenye kompyuta. Mimi niliisambaza kwa maneno mawili: "Mungu fundi."

Sasa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu picha zinazotumika kama ushahidi, na nimelazimika kuirudia. Nadhani ni picha nzuri iliyotufundisha kuangalia vibaya.

Tuanze na uzuri wake, maana si wa bahati tu. Tunaamini mstari mnyoofu ni alama ya mkono wa mtu, hivyo mstatili katikati ya bahari unatushtua. Lakini mapande bapa ya namna hii ni ya kawaida huko. Ukingo wa tabaka la barafu linalotoka nchi kavu na kuelea baharini hurefuka hadi ukavunjika, kama ukucha ulioachwa bila kukatwa. Pembe kali zina maana: pande hilo lilikuwa limevunjika karibuni, mawimbi hayajapata muda wa kulilamba. Kwa hiyo tulichokiita umbo kilikuwa habari. Tulikuwa tunatazama kidonda kibichi, tukakisifia jiometri yake. Harbeck mwenyewe alieleza baadaye kwamba hamu yake ilikuwa kuliona A-68, siwa barafu la takriban kilomita za mraba 5,800 lililomeguka kutoka Larsen C mwezi Julai 2017. Mstatili ulikuwa wa njiani.

Angalia tena, safari hii pembeni ya pande. Kuna vipande vyembamba vilivyotapakaa, na nyufa katikati yake. Hiyo ni barafu ya bahari, na si ndugu wa karibu wa lile pande. Pande lilizaliwa kutokana na theluji iliyorundikana kwa karne nyingi. Barafu ya bahari ni maji ya chumvi yaliyoganda palepale, kwa kawaida yenye unene wa mita chache tu. Kiswahili kinaviita vyote barafu, pamoja na ile ya ukwaju tuliyoinunua utotoni kwenye friji ya jirani, ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Lakini silaumu lugha. Maelezo ya picha hiyo kwa Kiingereza yalitaja barafu ya bahari waziwazi, na bado macho ya dunia yalibaki kwenye pembe nne.

Siku hiyohiyo ilipigwa picha nyingine iliyosambaa kidogo zaidi. Ndani yake mstatili maarufu unachungulia nyuma ya injini ya nje ya ndege, na A-68 liko mbali kwenye upeo. Kwangu hii ndiyo picha bora. Injini inakiri kwamba kuna mtu anayetazama, kwamba alibebwa hadi pale kwa mafuta na fedha, na kwamba kuna kazi inayoendelea.

Na kazi yenyewe ilikuwa kubwa. Setelaiti ya ICESat iliacha kupima mwaka 2009. Mrithi wake, ICESat-2, alirushwa Septemba 2018. Katikati palikuwa na pengo, na NASA ikaliziba kwa ndege, kampeni iliyoitwa IceBridge, yaani daraja. Ndege ziliruka chini, mara nyingi kwenye mita 450 hivi, zikipiga leza kwenye uso wa barafu na kupima muda wa mwanga kurudi. Lakini barafu ya bahari huficha karibu sehemu tisa kati ya kumi chini ya maji, hivyo kosa la sentimita chache juu hukua kama mara kumi unapokadiria unene wote. Theluji iliyolala juu nayo ina uzito, ndiyo maana kulikuwa na rada ya kupima kina chake. Na bila nyufa hakuna hesabu: ni pale maji yanapoonekana ndipo mpimaji anapojua usawa wa bahari uko wapi. Ufa, ambao mpenda mandhari angeukata nje ya picha, ndio sifuri ya kila kipimo.

Ningeishia hapa kama kampeni ingeruka kusini tu. Antaktiki haina wenyeji, kwa hiyo utupu wa picha zake ni wa kweli. Kaskazini mambo ni tofauti. Ndege hizo zilitumia pia kambi ya Marekani ya Thule, Greenland, inayoitwa Pituffik tangu 2023. Mwaka 1953 Wainughuit waliokuwa wakiishi hapo walihamishwa kwenda Qaanaaq kuipisha kambi. Mahakama za Denmark zilikuja kukubali kwamba walionewa, zikaamuru fidia. Kwa watu hao barafu ya bahari ni barabara ya sleji za mbwa na uwanja wa mawindo. Wao huisoma kwa miguu, na ikikonda wao ndio huzama.

Msimamizi wangu aliniuliza: "Kwa hiyo unataka leza imsalimie mtu?" Nilicheka, lakini swali ni la haki. Leza haina deni hilo. Vipimo vile vinahitajika, na barafu ya Aktiki ya mwisho wa kiangazi imepungua kweli kwa miongo kadhaa. Hoja yangu ni kuhusu anayechagua picha ya kutuonyesha, na sisi tunaoipokea. Tukizoea kuona ncha za dunia kama karatasi tupu yenye maumbo ya ajabu, hatutauliza nani aliondolewa karatasi ikawa tupu.

Chapisho langu la 2018 bado lipo. Nilitaka kulifuta, nikaona huo nao ungekuwa ufichaji. Nimeongeza ile picha ya injini chini yake, na maelezo marefu kidogo. Hadi leo watu watatu wameipenda.