Kumtambua Fundi wa Mashua kwa Kalafati Yake

Mtu akaaye Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, aweza kudhani kwamba elimu ya vyombo ni mali ya watu wa pwani peke yao. Ilhali baadhi ya maji yashukayo milimani humo hutuama katika Bwawa la Mindu, kando ya barabara iendayo Iringa, ambako wavuvi hutega nyavu zao, kisha hufuata mto Ngerengere hata Ruvu, na Ruvu humwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo, kwenye mafundi wa mashua na majahazi. Kwa hiyo yampasa mtu wa bara naye, maadamu ana chombo au ataka kununua, ajue kupambanua kazi ya ustadi na kazi ya hadaa. Na neno la kwanza nimwambialo ni kwamba asighurike na rangi, bali atazame mishono na kalafati yake, yaani pamba izibayo nafasi kati ya mbao.

Fundi mwenye istikama hukwangua kwanza pamba kuukuu yote, mpaka mbao nzima zionekane pande zote mbili, ndipo asokote pamba mpya iliyokolea mafuta, na aishindilie kwa patasi butu na nyundo, tabaka juu ya tabaka. Fundi mwenye pupa hujaza mpya juu ya kuukuu, akaifunika kwa lami, na kazi ikapendeza wiki mbili. Pitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono, hususan pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, ule mti wa chini ubebao chombo: ukizama, pamba haikushiba, na ukiona kingo za mbao zimepasuka, basi imeshindiliwa kupita kiasi, na hilo nalo ni aibu, kwani mbao zikinywa maji huvimba, zikakosa nafasi, zikajing'oa katika mataruma, yaani mbavu za chombo.

Kisha tazama misumari. Tundu hutobolewa kwa keekee kabla ya msumari kupigwa, kichwa chake huzungushiwa nyuzi za pamba yenye mafuta, na ncha hukunjwa ndani ya taruma. Penye michirizi ya kutu chini ya kichwa, maji yamekwisha kupata njia. Kiraka cha ubao sharti kikamate mataruma ncha zote mbili. Kiraka cha bati kilichopigiliwa juu ya lami ni dawa ya safarini tu, wala usikubali kukinunua kwa bei ya matengenezo, kwa kuwa aghalabu nyuma yake mti unaoza bila shahidi.

Hapa ndipo bara inapotofautiana na pwani. Baharini adui mkubwa ni wadudu watoboao mbao, na ndiyo sababu mabaharia hukipandisha chombo wakakipaka deheni ya shahamu na chokaa; katika maji matamu wadudu hao hawapo, lakini uozo ni mwepesi zaidi, na mvua za Uluguru ziingiazo ndani ya chombo hukiharibu kuliko bwawa lenyewe. Mvule na mkangazi, miti iliyo katika msitu wa Kimboza upande wa Matombo, huvumilia. Mbao laini hazivumilii. Gonga kila ubao kwa mpini wa nyundo: mzima hulia, uliooza hunyamaza. Masika yakija, kifudikize chombo juu ya magogo, hewa ipite chini. Na wakati wa kiangazi kiweke kivulini, maana jua huupasua mtumbwi wa gogo moja kuanzia ncha zake, na ufa huo hauzibiki vyema tena.

Basi, msomaji wangu, usimalize kumlipa fundi siku ya kukabidhiwa. Kiegemeze chombo sawasawa, mimina maji ndani yafike kina cha shibiri moja, yaache yalale. Asubuhi kizunguke kwa nje ukipapasa kila mshono. Unyevu kidogo wa mbao kavu utakoma zikivimba. Tone linalojikusanya, likaanguka, na jingine likafuata mahali pale pale, lahitaji fundi arudi na patasi yake kabla hujatoa senti ya mwisho.