Kisutu Kwenye Picha: Namna ya Kuupima Wekundu

Ukitaka kumpima mpiga picha wa harusi, achana na picha za keki. Mwombe akuonyeshe kisutu. Kanga hii ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, isiyokosekana katika harusi nyingi za pwani, ni mtihani mgumu kwa kamera yoyote, na inakuja na vipimo vyake: nyeupe inakuonyesha kama mwanga umesomwa sawasawa, nyeusi inakuonyesha kina, na nyekundu ndiyo inayomuumbua mtu.

Anza na mikunjo. Kuza picha mahali kanga ilipojikunja begani au kiunoni. Ukiishika mkononi utaona kuwa mkunjo mmoja una nyekundu kadhaa: ile iliyopigwa na mwanga, ile iliyokolea ubavuni, na ile ya ndani kabisa inayokaribia damu ya mzee. Picha nzuri inazo zote, na ukikuza zaidi unaanza kuona hata nyuzi. Picha mbovu ina bapa moja la wekundu mkali, halina bonde wala mlima. Kwa mbali bapa hilo linavutia kweli, hasa kwenye kioo cha simu, na wateja wengi huliita “rangi kali” wakalisifia. Kwangu mimi picha hiyo imeungua, hata kama uso wa bibi harusi umetoka vizuri.

Kuungua huko kuna sababu. Katika JPEG ya kawaida kila rangi ya msingi, yaani nyekundu, kijani na bluu, hupewa namba kuanzia 0 hadi 255. Kitambaa chekundu hurudisha mwanga mwekundu kwa wingi na huo mwingine kidogo sana, kwa hiyo ndoo ya nyekundu inajaa pomoni wakati zile mbili bado hazijafika nusu. Ikishajaa, bega la kanga na ubavu wa mkunjo vyote vinaandikwa 255, na tofauti yao imekwisha.

Mpiga picha naye anaweza asijue, kwa sababu histogramu ya kawaida inamdanganya. Grafu ile ya rangi moja hupima mng’ao kama jicho linavyouona, na jicho hutegemea kijani zaidi: katika kanuni inayotumika sana, kijani hubeba takriban asilimia 72, nyekundu 21, na bluu 7 tu. Nyekundu inaweza kuwa imeshagonga ukuta huku grafu imetulia katikati. Mjuzi hufungua histogramu ya rangi tatu, akaangalia ya nyekundu peke yake, akapunguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua au hatua nzima. Picha ikitoka na giza kidogo hana wasiwasi, maana amepiga kwa faili ghafi na vivuli atavipandisha baadaye.

Dalili ya pili ni rangi kuhama. Nyekundu ikikwama juu huku mwanga unazidi, kijani na bluu huendelea kupanda. Kijani ikitangulia, kisutu kinakimbilia chungwa. Bluu ikitangulia, kinakimbilia waridi. Hapo iangalie nyeupe ya kanga hiyohiyo. Ikiwa nayo imeingia umanjano, kosa ni la mwanga kusomwa vibaya. Ikiwa nyeupe ni safi na nyekundu tu ndiyo imehama, basi imeungua.

Halafu itazame ngozi. Wapo wanaogundua kuwa wekundu umezidi, wakaupunguza kwenye kompyuta kwa picha nzima. Kisutu kinatulia, lakini ngozi zetu za hudhurungi zina wekundu mwingi ndani yake, na ukiuondoa, nyuso zinapauka, bibi harusi anaonekana hajapaka mafuta. Fundi mzuri hugusa kanga peke yake.

Kuhusu taa za ukumbini, namba inayoandikwa kwenye boksi la taa kueleza inavyoonyesha rangi hukokotolewa kwa rangi nane zilizopauka. Nyekundu iliyokolea ni ya tisa, na haimo kwenye hesabu. Taa ya 80 inaweza kuifanya nyekundu ikaonekana kama imefuliwa mara nyingi, na hakuna kamera itakayoutoa wekundu ambao taa haikuutoa. Ndiyo maana picha bora za kisutu hupigwa barazani, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, kabla watu hawajaingia ukumbini.

Usibabaishwe na anayejigamba kwamba anapigia Adobe RGB. Mfumo huo wa mwaka 1998 unapanua zaidi upande wa kijani. Kilele chake cha nyekundu ni kilekile cha sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida. Mfumo wa P3, unaotumiwa na simu nyingi za bei ya juu, ndio unaofika nyekundu ya mbali zaidi, mradi na kioo cha kutazamia kiweze kuionyesha.

Wala usimhukumu mtu kwa picha iliyopitia WhatsApp. JPEG nyingi huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mng’ao, na ikibanwa tena, mpaka wa nyekundu na nyeusi unachakaa. Maua ya kisutu yanakuwa na ukungu ambao kamera haikuuleta.

Kwa hiyo kabla hujatoa malipo ya awali, omba faili moja kamili ya kisutu, ifungue kwenye kompyuta, ukuze mikunjo. Ukiambiwa wekundu ule “utarekebishwa”, tafuta mpiga picha mwingine. Nyekundu iliyoungua kwenye JPEG hairudi.