Premio Kuukuu na Mikono Iliyoigusa

Anayenunua Premio kuukuu mjini Kisumu hanunui tena kazi ya kiwanda cha Toyota. Hesabu yake ni nyepesi. Umbo lake la T240 lilitengenezwa kuanzia mwisho wa 2001 hadi 2007, na sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8. Basi hata la mwisho kabisa lilikuwa limeshateremka Mombasa kufikia 2015, na tangu hapo limefunguliwa na kufungwa mara nyingi na mafundi wa Kibuye, wa Kondele, wa Ahero. Unanunua kazi ya mikono yao, na hiyo ndiyo ya kupima. Mnunuzi wa mashua kule Dunga hapotezi muda na rangi. Anainama kwenye maungio ya mbao, aone pamba ya kuzibia ilishindiliwa vipi.

Anza na bolti zinazoshika fenda na bawaba za boneti. Kiwandani zilipakwa rangi pamoja na bodi, na spana ikishazigusa, rangi hubanduka kwenye pembe. Bolti iliyochubuka inakwambia fenda hii iliwahi kutolewa. Hilo si aibu, kwani gari la miaka 20 lisilowahi kugongwa ni nadra. Uliza tu ilirudishwaje. Pitisha kidole kwenye mwanya kati ya boneti na fenda, kuanzia kwenye taa hadi kwenye kioo. Fundi wa bodi anayejua kazi huufanya mwanya uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Kisha nyanyua mpira wa mlango. Aliyefanya kazi kwa haraka alibandika gazeti na selotepu, akarusha rangi, na ukungu wake umebaki kwenye mpira. Aliyejali aliung'oa mpira kwanza. Gonga bati kwa kifundo cha kidole: penye mlio mzito pana filla, na filla nene kuliko ngozi ya tilapia siitaki.

Maji yana sura yake hapa kwetu. Mto Nyando hufurika uwanda wa Kano mvua zikikolea, na 2020 ziwa lenyewe lilipanda likazifunika nyumba na barabara za ufukoni. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake kabisa. Sehemu inayokaa imejikunja ndani ya nguzo hakuna anayeikumbuka wakati wa kuosha, na gari likiwa limezama, mstari wa tope utaukuta humo. Chini ya gari, kutu nyingi huenda ilitoka Japani: kaskazini kwao hunyunyiza chumvi barabarani wakati wa theluji. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi ya kula chuma namna hiyo.

Kuna jambo moja ambalo linaniuma kuliko yote, nalo ni thamostati. Miaka iliyopita fundi kijana alinifungulia injini, akanionyesha kidude kidogo kinachoenea kiganjani. "Jaduong'," akaniambia, "hii tuitoe tu. Ni ya nchi za baridi, sisi huku tuna joto." Nikamwambia sawa, omera, toa. Petroli iliyokuwa ikinipeleka Homa Bay na kunirudisha nyumbani ikawa haitoshi, nikalazimika kuongeza nyingine Katito. Kazi ya kidude kile ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yafike nyuzi 82 hivi. Kisipokuwepo, injini haifikii joto lake, kompyuta hudhani ni asubuhi na huzidi kumimina petroli, na oili huchafuka mapema. Joto la Kisumu halina uwezo wa kuipasha injini hadi hapo.

Kwa hiyo fika kwa muuzaji asubuhi, injini ikiwa baridi. Washa, kisha shika bomba la juu la rejeta, mkono ukae mbali na feni. Thamostati ikiwepo, bomba hubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu hupata moto ghafla chini ya vidole vyako. Isipokuwepo, huanza kuwa vuguvugu mara moja, kisha hupata joto polepole. Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha rejeta. Ukikuta maji yenye rangi ya strungi, ujue hapa palimiminwa maji ya mfereji miaka nenda miaka rudi badala ya kulanti, huenda rejeta imeziba kwa kutu, na kama thamostati haipo, huenda hiyo ndiyo sababu mtu aliing'oa.

Barabara ya mtihani ni ile ya Kakamega. Washa AC, pita Mamboleo, panda hadi Kiboswa, na mshale wa joto ufike katikati ubaki hapo. Ukiteremka, achilia petroli, na mnapokaribia Mamboleo kanyaga huku mwenzako akitazama nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Injini ya 1.8 ya T240, ile 1ZZ, ina tabia hiyo kwa sababu matundu madogo ya kurudisha oili kwenye pistoni huziba. Ya 1.5 huchoka mlimani, lakini mwenye mfuko mdogo ndiyo itakayomfaa.

Umbo lililofuata, T260, lina giaboksi ya CVT. Muulize fundi wake aliweka oili gani. Fundi mzuri atakutajia aina yake na kukuonyesha kopo. Akijibu "ya gia," ondoka.

Spesa za kuinua gari nazikubali, maana barabara zetu za vijijini ni mbaya, mradi ziwe za chuma kilichochongwa sawasawa na magurudumu yawe yalipimwa tena baadaye. Vipande vya mpira vilivyobanwa kati ya mizunguko ya springi sivikubali. Tazama mpira wa ekseli. Ukiwa umepasuka na grisi imetapakaa nyuma ya rimu, huenda gari liliinuliwa likaachwa hivyo.

Likishakuwa lako, pesa ya kwanza iende kwenye thamostati, kulanti na oili, na oili irudiwe kila kilomita 5,000. Kuliosha, usimwingize mtu nalo ziwani. Watafiti wa KEMRI waliwafuatilia waosha magari wa ukingo huu kwa miaka mingi kwa sababu ya kichocho wanachokipata wakisimama majini. Lipa ya ndoo, pale juu penye lami. Akishamaliza, fungua boneti mwenyewe maji yakiwa hayajakauka, utazame jasho la oili limeanzia wapi.