Pima Ulimi wa Kitasa Kabla ya Kuuliza Bei

Milango ya chuma inayotengenezwa na mafundi wetu wa kuchomelea, iwe Dar es Salaam au Mombasa, mara nyingi ni imara kuliko vitasa vyake. Mwenye nyumba hulipia bati nene na nondo, kisha pesa inapomwishia hununua kitasa cha leva mbili, kilekile kinachofungwa kwenye milango ya vyumbani.

Leva ni vibati vyembamba vilivyopangwa ndani ya kitasa, kila kimoja na springi yake. Meno ya ufunguo huinua kila leva hadi kimo chake. Zote zikilingana, kijiti kilichoshikamana na ulimi hupita kwenye mwanya wake, na ulimi hutoka au kurudi. Moja tu ikiinuliwa pungufu au kupita kiasi, ulimi haujongei. Sasa leva mbili zina michanganyiko michache mno, ndiyo maana wakati mwingine ufunguo wa jirani hufungua kwako, na ufunguo malaya haupati taabu kabisa. Kiwango cha Uingereza cha BS 3621 kinadai michanganyiko isiyopungua 1,000 na ulimi unaotoka milimita 20. Kwa vitasa vya leva, hapo ni leva tano.

Mwaka 1851 jijini London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua kitasa mashuhuri cha Chubb bila ufunguo, mbele ya mashahidi, kwa takriban dakika 25. Lakini Hobbs alikuwa bingwa wa vitasa. Mvunjaji wa usiku huja na mtaimbo, na mtaimbo hauhesabu leva. Unatafuta ulimi mfupi.

Kwa hiyo chukua rula. Mlango ukiwa wazi, zungusha ufunguo hadi mwisho, upime. Tuseme ulimi umetoka milimita 14, na pengo kati ya mlango na fremu ni milimita 6. Kilichoingia ndani ya fremu ni milimita 8 tu. Fremu ikitanuliwa kidogo mlango umefunguka, na kitasa kizima hakina hata mkwaruzo. Ulimi wa milimita 20 ungeacha 14 ndani, na hiyo ni kazi nyingine kabisa kwa mwizi, kazi yenye kelele.

Vitasa vya silinda, vile vya ufunguo mdogo bapa, vina sifa moja ninayoipenda: funguo zikipotea au mpangaji akihama, unabadilisha silinda peke yake. Udhaifu wake upo katikati, penye tundu la skrubu, ambapo chuma ni chembamba kuliko pote. Silinda ikichomoza nje ya mlango hushikwa kwa koleo na kuvunjwa hapo hapo. Ukiichagua, iwe ya urefu unaolingana na unene wa mlango, na uso wake ukingwe kwa bamba gumu.

Kufuli la nje ni nyongeza, lisiwe tegemeo. Hukatwa kwa mkasi wa vyuma, na likining'inia mchana linamtangazia kila mpita njia kwamba nyumba haina mtu.

Kuna jambo ambalo kwangu halina mjadala: moto. Mlango unaohitaji ufunguo hata kwa aliye ndani unaweza kuua familia inayopapasa gizani kwenye moshi. Chagua kitasa kinachofunguliwa ndani kwa kuzungusha kishikio. Kama mlango ni wa grili, fundi azibe kwa bati sehemu inayozunguka kishikio hicho ili mkono wa nje usikifikie.

Nunua kitasa kwanza, ukipeleke kwa fundi kabla hajakata chuma. Atengeneze boksi lake kwa vipimo vya kitasa hicho, na tundu la ulimi alitoboe kwenye chuma kinene cha fremu. Na tafadhali, asichomelee kitasa kikiwa ndani, maana joto hulegeza springi.