Mshono Uliofichwa na Paa

Gari ninaloliuza halina milango wala rangi. Ni Subaru Impreza ya zamani, bodi tupu iliyopandishwa kwenye stendi nne katika gereji moja ya Unga Limited, Arusha. Injini yake, EJ20, iko kando ya ukuta chini ya turubai. Nilitaka kulikimbiza kwenye vumbi la Monduli, lakini ada za watoto zimefika kwanza.

Wanaokuja kulitazama huenda moja kwa moja kwenye tabo na shokapu. Siwalaumu, spea hizo bei yake inajulikana. Mimi huwaomba kwanza waingie ndani, wapitishe kidole juu ya bomba, pale linapokaribia paa.

Hiyo ndiyo keji, mabomba yanayomkinga dereva gari likibingirika. Kanuni za rali zinataka upinde mkuu uwe wa bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Ugumu uko kwenye kuchomelea. Kati ya bomba na paa mkono hauingii, kwa hiyo wapo wanaochomelea upande wa chini tu, na ukikaa kitini huoni tofauti. Fundi wangu alitoboa sakafu, akaiteremsha keji nzima kupitia matundu yale, viungo vya juu vikawa wazi, akavichomelea mzunguko mzima. Kisha akaipandisha kwa jeki, akaweka bamba nene chini ya kila mguu. Kabla ya hapo alikuwa amepiga tupa kila mdomo wa bomba mpaka mwanga wa tochi ukakosa pa kupenya. Mshono ule umelala kama magamba ya samaki, na paa limeufunika.

Bert Shankland wa Tanzania alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na tunamtaja hadi leo. Heshima kama hiyo nataka wapewe pia mafundi wanaolala mvunguni mwa gari.

Jumamosi alikuja kijana kutoka Ngaramtoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

Akaingia, akapapasa juu ya bomba, akanyamaza. Halafu akaona alama ya chaki kwenye bomba la mlalo.

“Hapa pana nini?”

“Hilo limeshikizwa tu, mwanangu, halijachomelewa. Usije ukaliamini.”

Kijana akavua koti, akaomba tochi.